Mbio za magari ya dukani: Bei ndiyo iwe mizani

Mkulima wa korosho wa Tandahimba anapopokea malipo ya mnada na kuamua kununua gari, swali lake la kwanza kwa dalali si mwendo wa gari hilo kwenye lami. Anauliza kama litapanda mlima wa Newala likiwa na magunia, kama litapita mchanga wa Msimbati bila kuvutwa, na kama spea zake zinapatikana Mtwara mjini au lazima ziagizwe Dar es Salaam. Maswali hayo matatu ndiyo soko lenyewe la magari katika mwambao wa kusini, kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Mto Ruvuma.

Kuna wakati Afrika Mashariki ilikuwa na mbio ndefu za magari ya kawaida zilizokuwa zikiyajibu maswali hayo bila kutoza mnunuzi hata senti moja. Mbio hizo bado zipo. Kilichobadilika ni kanuni zake za ufundi, na mabadiliko hayo yamemwacha mnunuzi nje ya uwanja. Wapenzi wa magari wamekuwa wakibishana kwa miaka mingi kuhusu kanuni ipi ni ya haki kwa madereva na viwanda. Mara chache sana huulizwa kanuni ipi ni ya haki kwa mtu anayelipia gari.

Suala hilo si la michezo peke yake. Kwa familia nyingi za Mtwara, gari ndilo ununuzi mkubwa kuliko wote baada ya nyumba. Likinunuliwa kwa sifa zisizo zake, hasara hailipwi na kiwanda wala na wakala. Inalipwa na mwenye shamba, msimu baada ya msimu, kwenye gereji.

KIPIMO CHA 1953

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, wakati wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Zilipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, nyingi zikiwa za vumbi na tope. Jambo ambalo mfanyabiashara anapaswa kulikumbuka ni namna magari yalivyopangwa katika madaraja. Hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya. Yalipangwa kwa bei yake katika maduka ya magari ya hapa hapa Afrika Mashariki. Gari la bei nafuu lilishindana na magari ya bei nafuu, na la bei kubwa na ya bei kubwa. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa na mshindi wa jumla. Kila daraja lilikuwa na mshindi wake.

Kanuni hiyo ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa na akili ya kibiashara ndani yake. Mtu aliyekuwa na fedha kiasi fulani aliweza kusoma matokeo ya daraja lake na kujua, kwa fedha hizo hizo, gari gani lilifika na gani liliachwa njiani likiwa limevunjika springi. Matokeo ya mbio yalikuwa ni orodha ya bei iliyoongezwa safu moja: safu ya waliofika.

Baadaye madaraja ya bei yaliachwa, lakini kwa miaka mingi magari yaliyoshinda yaliendelea kuwa ya aina ambayo watu walikuwa wakiyaona mitaani. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kati yake, mwaka 1966 na 1967, gari la aina hiyo hiyo lilishinda likiwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Dar es Salaam. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikwisha kutumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Lilikuwa gari la mkono wa pili, kwa lugha ya soko la leo.

Ugumu wa barabara ndio uliokuwa mkaguzi mkuu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakafika. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika 7 tena. Na mpaka mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna dereva aliyekuja kutoka ng'ambo ambaye alikuwa amewahi kuzichukua mbio hizo. Wenyeji walikuwa wakizijua njia, na magari yao hayakuzidiwa sana na ya wageni. Hiyo ndiyo sura ya ushindani ulio sawa: mwenye maarifa ya mahali anaweza kumshinda mwenye mtaji mkubwa.

IDADI BADALA YA BEI

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika ubingwa wa dunia wa rali. Kuanzia hapo kipimo kikuu hakikuwa tena bei ya gari wala barabara peke yake. Kikawa ni idadi ya magari ambayo kiwanda kinapaswa kutengeneza kabla ya aina hiyo kukubaliwa kushindana.

Kwa Kundi B, lililoanza mwaka 1982, idadi hiyo ilikuwa magari 200 tu. Kiwanda kikubwa kinaweza kutengeneza magari 200 kama fundi seremala anavyotengeneza kiti kimoja cha maonyesho. Matokeo yake yalikuwa magari yenye nguvu za kutisha ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuyanunua. Toyota Celica ya kundi hilo ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986. Mwaka huo wa 1986, baada ya vifo vya watazamaji Ureno na vya dereva Henri Toivonen na msaidizi wake kisiwani Corsica, uamuzi ulitolewa wa kulifuta Kundi B.

Kundi A likashika nafasi yake mwaka 1987, likidai magari 5,000. Mwaka 1993 idadi ikapunguzwa hadi 2,500. Hapo viwanda vilibuni mbinu nyingine: kutengeneza toleo maalumu, ghali na la idadi ndogo, kwa ajili ya kutimiza hesabu. Toleo hilo lilikuwa na jina la gari la kawaida, lakini injini yenye turbo, mfumo wa magurudumu manne na vipuri ambavyo toleo la kawaida halikuwa navyo. Mwaka 1997 zikaja kanuni mpya zaidi. Zilidai gari la msingi litengenezwe 25,000 kwa mwaka, lakini zikaruhusu turbo na mfumo wa magurudumu manne kuongezwa kwenye gari la mashindano hata kama lile la dukani halina.

Leo hali imefika mbali zaidi. Safari iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Toyota Yaris ilishinda, na kila mwaka hadi 2025 ushindi ulikwenda kwa Toyota. Kuanzia mwaka 2022 magari ya ngazi ya juu yanaruhusiwa kujengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na sura ya gari la kawaida kuvikwa juu yake. Mnunuzi wa Mtwara anayeitazama Yaris hiyo ikiruka mawe ya Naivasha anaweza kudhani ni ndugu wa Vitz inayosubiri abiria karibu na stendi, kwa kuwa Vitz ndilo jina ambalo Yaris iliuzwa nalo Japani kwa miaka mingi. Undugu wao ni wa jina na taa za mbele. Chini ya bodi hakuna kinachofanana.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Ndiyo maana jambo hili ni la kanuni. Kanuni imeruhusu jina la bidhaa moja litumike kuuza bidhaa nyingine, na soko limelikubali hilo kwa sababu hakuna anayemsemea mnunuzi.

Daraja lililomfaa mnunuzi lilikuwepo pia, lakini liliwekwa kona. Kundi N lilikuwa la magari yaliyobaki karibu na hali ya dukani, yakiongezewa vifaa vya usalama. Mwaka 1990 Subaru Legacy ilimaliza Safari na kushinda kundi hilo, na inahesabiwa kuwa gari la kwanza la Kundi N kuzimaliza mbio hizo. Kwa mtu anayenunua gari, taarifa hiyo ilikuwa na thamani kuliko ushindi wa jumla wa mwaka huo. Vichwa vya habari vilikwenda kwa mshindi wa jumla.

KIFAA CHA KUBANA NA MAWE YA MIZANI

Watetezi wa kanuni za kisasa husema tatizo la nguvu nyingi linaweza kutibiwa kwa kifaa cha kubana hewa inayoingia kwenye injini. Mwaka 1995 kifaa hicho kilikuwa na tundu la milimita 34 kwa magari ya Kundi A. Ni kipimo safi, namba moja ambayo haitegemei maoni ya mtu. Lakini mwaka huo huo timu ya Toyota iligundulika katika rali ya Catalunya, Hispania, kuwa imetengeneza kifaa kilichopitisha hewa ya ziada kando ya tundu hilo na kujificha kinapofunguliwa na wakaguzi. Timu ilinyang'anywa pointi na kufungiwa miezi 12. Hata Max Mosley, rais wa shirikisho la magari la dunia wakati huo, alikiri kuwa ustadi wa kifaa hicho ulikuwa wa hali ya juu.

Funzo la kibiashara ni kwamba kipimo kinachohitaji mtaalamu wa ngazi ya juu ili kikaguliwe kinampa faida mwenye mtaalamu wa ngazi ya juu zaidi. Chama cha magari cha nchi maskini hakina maabara. Kikiletewa kanuni ya namna hiyo kinabaki kuamini karatasi.

Njia nyingine inayotumika sasa katika mbio za saa nyingi ni ya kuyasawazisha magari kwa kuyaongezea uzito au kuyapunguzia nguvu, kila moja kwa kiasi chake, kufuatana na lilivyofanya katika mbio zilizopita. Mwaka 2023, siku chache kabla ya mbio za saa 24 za Le mans, Ufaransa, zilizofanyika Juni 10 na 11, waandaaji waliiongezea Toyota kilo 37, Ferrari kilo 24, Cadillac kilo 11 na Porsche kilo 3. Ferrari ilishinda na Toyota ikawa ya pili. Inawezekana uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa hesabu zote. Lakini mizani inayobadilishwa mnunuzi na muuzaji wakiwa tayari wamepanga foleni haiwezi kuaminiwa, hata ikiwa sahihi. Tena kanuni za mashindano hayo zinazikataza timu kuusema hadharani usawazishaji huo.

Kwa mtu wa soko kuna kasoro kubwa zaidi. Gari bora likiongezewa mzigo mpaka lilingane na duni, matokeo hayaelezi tena lipi ni bora. Yanaeleza tu kama aliyepanga mizigo alipiga hesabu vizuri. Burudani inapatikana, taarifa inapotea.

WATU WA KOROSHO WANALIJUA HILI

Mtwara ni mahali pazuri pa kuitazama hoja hii, kwa sababu watu wake wanaishi na kanuni za ufundi kila msimu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka korosho zake, zikapimwa uzito, zikakaguliwa unyevu, zikapangwa daraja, kisha zikanadiwa. Ugomvi unapozuka, mara nyingi huanzia kwenye mizani, kwenye daraja au kwenye makato. Ni nadra kuusikia ukianzia kwenye wazo lenyewe la mnada.

Na katika miaka ambayo wanunuzi walikuwa wakiandika bei zao na kuziweka kwenye boksi, karatasi zilifunguliwa mbele ya wakulima. Haki ya utaratibu ule haikutokana na wanunuzi kuwa watu wema. Ilitokana na jambo moja: aliyeandika bei aliibeba. Akiandika chini, alikosa mzigo. Akiandika juu, alitakiwa kulipa. Bei ilikuwa ni kauli yenye gharama.

Kanuni za mbio za magari zimekosa kitu hicho. Kiwanda kinapotangaza kuwa gari lake la mashindano ni sawa na la dukani, kauli hiyo haikigharimu chochote.

NJIA IMEKWISHA KUJARIBIWA

Nchi nyingine zimewahi kuitumia bei kama kipimo katika mbio ndefu za magari ya dukani. Australia ni mfano mzuri. Mbio za maili 500 zilizohamishiwa Bathurst mwaka 1963 ziliyagawa magari kwa bei ya rejareja katika fedha ya nchi hiyo: hadi pauni 900, kutoka 901 hadi 1,000, kutoka 1,001 hadi 1,200, na kutoka 1,201 hadi 2,000. Rasmi kila daraja lilikuwa na mshindi wake, kama Safari ya 1953. Wanunuzi walizifuatilia kama watu wa korosho wanavyofuatilia mnada.

Hata hivyo haki inataka upande wa pili nao usemwe. Madaraja ya bei hayakuizuia Australia kupata tatizo lile lile la viwanda kutengeneza matoleo maalumu kwa ajili ya mbio. Kufikia mwaka 1972 magazeti na wanasiasa walikuwa wakipiga kelele kuhusu magari ya dukani yaliyosemekana kuweza kwenda maili 160 kwa saa. Viwanda vilirudi nyuma, na mwaka 1973 kanuni ya magari ya dukani ikaachwa, marekebisho mengi yakaruhusiwa. Bei peke yake, basi, haitoshi. Kiwanda kinaweza kukubali hasara kwenye magari machache ili kionekane cha bei nafuu.

Dawa ya hapo ilipatikana Marekani, tena katika mbio za mzaha. Mwaka 2006 yalianza huko mashindano ya saa nyingi kwa magari chakavu yasiyozidi dola 500, yakiitwa 24 Hours of LeMons. Vifaa vya usalama havihesabiwi katika bei hiyo. Ulinzi wa kanuni ni mwepisi kuliko maabara yoyote: waandaaji wana haki ya kulinunua gari kwa dola 500. Aliyeingiza gari la dola 5,000 akasema ni la 500 anaweza kurudi nyumbani na dola 500 mfukoni na bila gari. Katika mbio ndogo ndogo za viwanja vya vumbi nchini humo, na katika baadhi ya mbio za farasi, utaratibu wa kumpa mwingine haki ya kununua kwa bei iliyotangazwa ni wa siku nyingi.

Hapo ndipo kauli inapopata gharama. Hakuna haja ya mtaalamu wa turbo. Mtu mmoja mwenye fedha anatosha.

NAFASI YA MTWARA

Njia za Safari zilizopata sifa zilikuwa za kaskazini. Kusini ya Tanzania haikuwa na jina katika historia hiyo, ingawa kwa miongo mingi barabara zake zimekuwa zikifanya kazi ya mkaguzi bila mashindano. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya gari kati ya Mtwara na Dar es Salaam ilitegemea kivuko cha Rufiji na huruma ya mvua. Hata baada ya lami kufika, Mei 2024 mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Mmiliki wa gari wa Mtwara hahitaji kuelezwa maana ya kustahimili.

Kama chama cha magari, wafanyabiashara wa magari na uongozi wa mkoa wangetaka mbio zitakazomfaa mnunuzi wa Afrika Mashariki, mzunguko wake upo tayari. Kutoka Mtwara kupitia Mikindani hadi Mnazi Mmoja, kisha Masasi, kupanda Newala, kushuka Tandahimba na kurudi Mtwara ni karibu kilomita 400. Ukiongeza mchepuko wa kwenda Msimbati kwenye mchanga, na mwingine wa Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, gari litakuwa limepimwa kwa lami, mlima, vumbi na mchanga. Likizunguka mara mbili au tatu ndani ya muda uliopangwa, likiwa na mzigo uliopimwa, matokeo yatakuwa na maana kwa kila aliyeko kati ya Lindi na Nanyumbu.

Kanuni zake zinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Kwanza, madaraja yawe ya bei kwa shilingi, yakihesabu ushuru na kodi, kwa sababu hiyo ndiyo bei anayolipa mnunuzi. Pili, magari ya mkono wa pili yaruhusiwe, kwani ndiyo yanayonunuliwa. Mbio za magari mapya peke yake zingekuwa mbio za soko la watu wengine. Tatu, vifaa vya usalama viongezwe kwa lazima na visihesabiwe katika bei. Nne, kila mwenye gari atangaze bei yake kabla ya kuanza, na kwa siku tatu baada ya kumaliza mtu yeyote aliyejiandikisha awe na haki ya kulinunua kwa bei hiyo. Tano, kanuni zisiguswe kuanzia siku ya kujiandikisha hadi siku ya matokeo. Sita, wakaguzi wasiwe mawakala wa magari wala wenye magari yanayoshindana.

Mfano wa hesabu unaonyesha namna kanuni ya nne inavyofanya kazi. Tuseme mtu ametangaza gari lake kuwa la shilingi milioni 12, lakini ameweka humo injini na shokapu za milioni 8 zaidi. Akishinda daraja la milioni 12, jirani mwenye milioni 12 atapata gari la milioni 20. Akitaka kujilinda atangaze milioni 20, na hapo atakutana na magari ya milioni 20. Hakuna haja ya kumshuku wala kumfungulia injini. Tamaa ya jirani ndiyo mkaguzi.

HOJA ZA WANAOPINGA

Itasemwa kwamba viwanda vikubwa havitakuja katika mashindano ya namna hiyo. Huenda ni kweli, na hasara hiyo isipuuzwe, kwa kuwa fedha za matangazo hujaza hoteli na kulipa posho. Lakini viwanda vimekuja Safari kwa nusu karne, na mnunuzi wa Mtwara hajapata kutoka kwao taarifa ya gari lililobeba magunia kwenda Newala. Anayelipwa na tangazo si yule yule anayesaidiwa na taarifa.

Itasemwa pia kwamba mtu hatapenda kuhatarisha gari analolipenda linunuliwe na mwingine. Jibu ni kwamba hakatazwi kulithamini. Alithamini kwa namba. Kama gari lina thamani ya milioni 30 kwake, aandike 30 na ashindane na wa 30. Kinachokatazwa ni kutaka sifa ya bei ndogo na nguvu ya bei kubwa kwa wakati mmoja.

Hoja nzito zaidi ni ya tatu: tajiri anaweza kununua gari la kila mshindani wake na kuua mashindano. Kwa hiyo kanuni iweke mpaka wa gari moja kwa kila mnunuzi kwa mwaka, na imzuie aliyenunua kulirudisha katika daraja lile lile msimu unaofuata. Mnada wa korosho nao unahitaji mipaka ili mnunuzi mmoja asilishike soko lote. Mipaka hiyo haifuti ubora wa mnada.

Na usalama? Hapa hapana mjadala. Gari la dukani halikutengenezwa kupinduka mara tatu. Fremu ya ndani, mikanda na viti vya mashindano ni lazima, na mwendo upangwe kwa ratiba kama Safari ya zamani ilivyopangwa, ambapo kuwahi mno hakukuwa na faida. Mashindano ya kufika yana hatari ndogo kuliko mashindano ya kukimbia, na taarifa anayoihitaji mnunuzi ni ya kufika.

Wauzaji wa magari wenyewe wana la kupata. Muuzaji mwenye magari mazuri leo hana njia ya kumwonyesha mteja tofauti kati ya lake na la jirani linalong'aa kwa rangi mpya. Anashusha bei mpaka wote wanauza kama wenye magari mabovu. Matokeo yaliyopimwa kwa bei yangemruhusu kudai kilicho chake.

Mbio zinazoshindaniwa kwa fedha nyingi zitaendelea na kanuni zake, na watazamaji wataendelea kuzipenda. Hakuna ubaya. Lakini zisiitwe kipimo cha gari la kawaida. Kipimo hicho kilikuwepo mwaka 1953, kwa madaraja ya bei ya dukani, na kiliachwa bila mnunuzi kuulizwa. Kukirudisha hakuhitaji mhandisi kutoka Ulaya. Kunahitaji mwenye gari aandike bei yake kwenye karatasi mbele ya watu, na awe tayari kupokea fedha hizo mtu akizileta.